Kopo la Tano

SEHEMU YA KWANZA

Sukari ikipanda bei Kenya, baiskeli za Busia hazilali. Wewe uliyeko Nairobi utasikia redioni, utaguna, utapunguza kijiko kimoja kwenye chai. Sisi wa mpakani tunatia upepo magurudumu. Neno lenyewe bodaboda lilizaliwa hapa kwetu na kule Malaba, enzi vijana wa baiskeli walipowabeba wasafiri kutoka geti la nchi hii hadi geti la nchi ile, wakinadi "boda, boda!" Mwaka 2018 marais wawili walikuja wakafungua kituo cha pamoja, mtu akaguliwe mara moja na apite. Kwa mwenye karatasi ni raha. Mimi karatasi sikuwa nazo. Nilikuwa na magunia.

Kazi yangu ilikuwa kutoa sukari Uganda, kuipitisha njia za panya na kuifikisha mtaa wa Marachi, upande wa Kenya, kabla jogoo hajawika mara ya pili. Gunia la kilo 50 kwenye keria, na siku ya nguvu jingine kwenye fremu, mimi mwenyewe nasukuma kwa miguu. Sijisifu wala siombi radhi. Nasimulia.

Kulikuwa na jamaa mmoja pale Sofia, upande wa Uganda, aliyekuwa na deni langu la miezi miwili. Nilipomkaba alinitolea makopo matano meupe yasiyo na karatasi juu.

"Pesa sina, kaka. Chukua hii. Kijiko kimoja cha hii ni zaidi ya kilo ya sukari. Wauza juisi ndiyo wanayotumia, nani atakwambia?"

Nikalamba ncha ya kidole. Mama yangu! Utamu ulinishika ulimi mpaka nikafika nyumbani, na nyuma ya ule utamu kukabaki kauchungu kadogo, kama umetafuna kidonge. Kauchungu kale nilikasikia. Nikakapuuza. Biashara ni biashara.

Kopo la kwanza nilimpa Kukhu, mama mzaa mama, kama zawadi. Kwake ni upande wa Uganda, ukiiacha barabara ya Tororo na kuingia mashambani. Asubuhi isiyo na ukungu unauona mwamba wa Tororo kaskazini, umesimama peke yake kama jino la mwisho kinywani mwa mzee. Makopo mengine nikauza. Pesa nikala.

Wiki mbili baadaye mvua ikaja ile ya kupasua mabati. Dada yangu alikuwa kwa Kukhu na mwanawe, mpwa wangu wa miezi 14, ambaye sote tunamwita Kadogo. Nilifika saa nne usiku, nimelowa chapachapa, nikitegemea ugali. Nikakuta taa ya chemli imewekwa sakafuni, na pembeni yake amepiga magoti Sista.

Sista si mtawa. Ni nesi mstaafu, Japadhola, mjane, amehudumia wodi za Tororo miaka mingi mpaka akina mama aliowazalisha wakamletea mabinti zao. Alisomea uuguzi hospitali ya Mulago. Akizungumza, hata mbwa wa Kukhu hukaa chini.

"Njoo na mwanga," aliniambia bila salamu.

Nikamwona Kadogo. Macho yameingia ndani. Midomo imekauka kama ganda la muhogo. Sista alikamata ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili, akaivuta, akaiachia. Ngozi ya mtoto hurudi mahali pake kabla hujapepesa jicho. Ile ilibaki imesimama, kikunjo, kisha ikashuka polepole. Mtoto alifungua kinywa kulia. Sauti ikatoka, machozi hayakutoka.

"Ameharisha tangu lini?"

"Jana jioni, Sista," dada yangu alijibu. "Na kutapika."

"Mmempa nini?"

Kukhu alijinyoosha. "Kile ulichotufundisha mwenyewe. Maji yaliyochemka, lita moja. Chumvi nusu kijiko cha chai. Na sukari. Tangu asubuhi anakunywa, na jinsi anavyokunywa ndivyo anavyozidi."

Sista hakujibu. Aliuangalia mtungi mezani, akaangalia kikombe, akaangalia pale meza ilipomwagikiwa. Mvua ilikuwa imewafukuza sisimizi nje, wameingia ndani, wamepanga foleni juu ya meza. Foleni ile ilitoka ukutani, ikalifikia lile dimbwi dogo la maji matamu, ikalizunguka, ikaendelea zake mpaka kwenye kipande cha andazi upande wa pili.

Alifuata ile foleni kwa kidole, taratibu, kama mtu anayesoma barua.

"Kukhu," alisema, "sukari yako iko wapi?"

Akaletewa kopo jeupe. Akalamba, akatema. Akachota kijiko, akakimwaga kwenye kikaango, akakiweka juu ya makaa. Tulisubiri. Sukari tunaijua sote: huyeyuka, huwa hudhurungi, hutoa ile harufu inayowaita watoto kutoka uwanjani. Kikaango kile hakikutoa harufu ya nyumbani hata kidogo.

Sista alikigeuza juu chini.

"Hii si sukari. Mtoto huyu mmemnywesha maji ya chumvi siku nzima." Kisha akainua macho. "Nani ameleta kopo hili?"

Hakuna aliyesema neno. Ila wote, hata yule mama yake mtoto, walinigeukia mimi.

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Sista amegundua kwamba unga mtamu uliotumiwa kumchanganyia Kadogo si sukari. Macho yote yamemgeukia mjomba wa mtoto. ENDELEA.

Ningekuwa mtu wa kulia ningelia. Badala yake nilifanya kile wavushaji hufanya wakibanwa: nikabisha.

"Lakini ni tamu, Sista! Ni tamu kuliko sukari!"

"Tamu kwa nani?"

"Kwa mtu yeyote mwenye ulimi."

"Haya. Na tumbo lina ulimi?"

Nilinyamaza. Kumbe swali lenyewe lilikuwa na jibu nisilolijua, nitakuja kulieleza. Wakati ule Sista hakuwa na muda wa darasa. Alinishika mkono akaniketisha kwenye kigoda, akaongea nami kwa lugha yangu.

"Wewe unaishi kwa mpaka. Sikiliza. Ukuta wa utumbo ni mpaka. Maji yako huku ndani ya utumbo, damu iko ng'ambo. Mtoto anayeharisha, maji yanamtoka upande wa damu yanamwagika nje. Unataka kuyarudisha. Sasa pale kwenye ukuta kuna geti ambalo halimfungulii chumvi peke yake, wala sukari peke yake. Lazima waje pamoja, wameshikana mikono. Chumvi wawili, sukari mmoja. Wakipita, maji yanawafuata nyuma kama watoto wanavyofuata gari la harusi. Ulichompa mtoto ni chumvi bila mwenzake. Wamefika getini, geti limekataa."

Sakarini, ndivyo alivyouita ule unga. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba iligunduliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1879, na mtu aliyeitwa Constantin Fahlberg, ambaye alitoka maabara bila kunawa vizuri akaona mkate wake wa jioni una utamu wa ajabu. Ni tamu kuliko sukari mara 300 hivi. Kwa mgonjwa wa kisukari inaweza kuwa msaada. Lakini geti lile la utumbo linamtambua glukosi, si utamu. Kwa geti lile, sakarini ni msafiri aliyevaa sare ya kukodi.

Naomba nikuibie dakika moja hapa, mtoto yuko mikononi mwa Sista. Habari ya chumvi na sukari kushikana mikono ilielezwa hadharani na Robert Crane, mjini Prague, mwaka 1960. Dunia ikaitikia kwa adabu, ikaenda kulala. Kilichoiamsha ni mpaka kama wetu. Mwaka 1971, vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh vilipowatoa watu makwao, wakimbizi walifurika mji wa Bangaon, upande wa India, na kipindupindu kikawafuata. Daktari Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wamelala chini, dripu zikimwishia. Akaamua kuchanganya chumvi na glukosi katika madumu, akawapa ndugu wa wagonjwa wenyewe wanyweshe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa vikihesabiwa kwa makumi katika kila wagonjwa mia vikashuka hadi chini ya vinne. Mzee huyo alifariki mwaka 2022. Waganga wengi wametajirika kwa kazi ndogo kuliko hiyo.

Turudi kwa Kukhu.

"Tumpakie kwenye boda tumkimbize hospitali," nikasema.

"Kwa njia ipi?" dada yangu akanijibu kwa ukali. "Kalavati limekwenda na maji tangu magharibi. Boda tatu tumepiga simu. Wa tatu alicheka."

"Basi sukari. Kwa jirani."

Hapo Kukhu aliinamisha kichwa. "Jirani gani, mjukuu wangu? Wale watatu uliowauzia makopo?"

Ndivyo dhambi inavyorudi, na viatu vyake miguuni. Sukari ilikuwa ghali, mimi nilileta nafuu, na kijiji kizima kilikuwa kinakunywa chai ya sakarini. Mimi ninayelala na kuamka juu ya magunia ya sukari, nyumbani kwa bibi yangu vijiko sita havikupatikana.

Lakini nilikuwa na nusu gunia. Nilikuwa nimeificha kwa rafiki, kibanda cha mwisho kabla ya mto. Mtu mzima peke yake angeweza kuvuka pale kalavati lilipokuwa, maji kifuani. Mtoto mgonjwa, hapana.

"Saa moja na nusu kwenda na kurudi," nikasema.

Sista alikuwa anampa Kadogo kijiko cha maji matupu, anasubiri, anampa tena. "Nenda. Ila sitakungoja nikiwa nimekunja mikono." Kisha akamgeukia Kukhu na kumwuliza jambo ambalo sikulisikia, kwa sababu nilikuwa nimeshatoka mbio.

Sitasimulia maji yale. Yalikuwa baridi na yalikuwa na magogo. Nilifika, nikamwamsha rafiki, nikachota kilo mbili nikazifunga ndani ya mifuko mitatu ya nailoni, moja juu ya nyingine, nikaiweka kichwani chini ya kofia. Mara ya kwanza maishani nilibeba sukari kwa nia njema. Nilikuwa nimebakiza hatua kama mia mbili kufika mtoni niliposikia matope yakifyonza buti zisizo zangu.

Tochi ikaniwakia usoni.

"Simama hapo hapo. Mzigo chini. Mikono kichwani."

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Akiwa na kilo mbili za sukari kwa ajili ya Kadogo, mjomba amedakwa na doria njiani. ENDELEA.

"Afande, mtoto anakufa."

"Wa nani?"

"Wa dada yangu. Anaharisha. Hii ni sukari ya kumchanganyia maji."

Walikuwa wawili. Yule mkubwa alicheka bila ubaya, kicheko cha mtu aliyechoka. "Kijana, kila mvusha sukari niliyewahi kumkamata ana mtoto mgonjwa. Mwezi uliopita nilimpata mmoja mwenye watoto sita wagonjwa. Hajaoa."

Nikaapa kwa Mungu, kwa mama yangu, kwa kaburi la babu. Hakuna kiapo ambacho hakijatumiwa njia ile. Wakanipeleka kwenye banda lao, wakanivua viatu, wakaniketisha chini, mgongo ukutani. Sukari yangu ikawekwa mezani kando ya birika.

Na sasa tazama. Yule mkubwa akajimiminia chai ya rangi kwenye kikombe cha bati. Akafungua mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akachota. Kijiko kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Nilihesabu kwa midomo. Angeongeza viwili tu ingekuwa lita nzima ya Kadogo.

Alikoroga, akanywa, akafumba macho.

Nimekifikiria sana kikombe kile tangu siku hiyo. Nilipoacha magendo nilianza kusoma, na kila nilichosoma kuhusu tumbo nilikisoma huku nikiona koo la askari yule likipanda na kushuka. Kwa hiyo niruhusu nikupitishe njia iliyopita chai yake.

Ulimini, sukari ilisema neno moja: tamu. Hilo hata sakarini inalisema, tena kwa kelele zaidi. Ikashuka tumboni, ikaingia utumbo mwembamba, na huko ikakatwa vipande viwili, glukosi na mwenzake fruktosi. Glukosi ikaanza kupita getini na chumvi, kama alivyosema Sista. Lakini katikati ya seli za ukuta ule, zile mamilioni za kawaida zinazofanya kazi ya kupitisha chakula, kuna seli chache za aina yake, hazifiki moja katika kila mia. Mrusi Nikolai Kulchitsky aliziona kwa darubini mwaka 1897. Wanazuoni wanaziita enterokromafini. Mimi naziita vijana wa kona.

Ukikaa mpakani unawajua vijana wa kona. Hawabebi mzigo, hawafungui geti. Kazi yao ni kuangalia nani anapita na kupiga mluzi. Seli hizi zinaonja kilichofika: glukosi ikizigusa, nazo hutoa mluzi wao, na mluzi huo ni kemikali inayoitwa serotonini. Mwitalia Vittorio Erspamer aliipata tumboni miaka ya thelathini akaibatiza enteramini. Wamarekani wa Cleveland wakaipata kwenye damu mwaka 1948 wakaiita serotonini. Mwaka 1952 ikabainika kwamba ni kitu kile kile, majina mawili kama Busia mbili. Watu huizungumza kana kwamba ni mali ya ubongo, kemikali ya furaha. Ukweli ni kwamba asilimia 90 hivi ya serotonini ya mwili iko tumboni, na nyingi ni ya hao vijana wa kona.

Mluzi ukipigwa, misuli ya utumbo inasikia na kuanza kusukuma. Tumbo la juu linaambiwa lipunguze mwendo, lisimwage chakula chote kwa pupa. Na neva ndefu iitwayo vagasi, ambayo matawi yake yamefika mpaka kwenye ukuta ule, inachukua habari na kuipandisha kichwani. Serotonini yenyewe haivuki kuingia ubongoni. Ubongo una geti lake, kali kuliko yote. Kinachovuka ni habari.

Na sakarini je? Huko Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kundi la Diego Bohórquez lilionyesha mwaka 2022, kwa panya, kwamba utumboni mna seli za kuhisi zilizoungana moja kwa moja na vagasi, na seli hizo hutuma ujumbe mmoja zikipata sukari na ujumbe mwingine zikipata kitamu bandia. Panya kwa kawaida huipenda sukari kuliko kitamu bandia. Watafiti walipozinyamazisha zile seli kwa mwanga, panya wakaacha kubagua. Kwa hiyo tumbo lina ulimi, Sista. Na ulimi huo, tofauti na huu wa juu, hauhongeki kwa urahisi.

Jambo la mwisho kabla hujachoka nami. Mluzi huohuo ukipigwa na adui, mambo huharibika. Mwaka 2011 watafiti wa Sweden walieleza kwamba virusi vya rota, ambavyo vimewaharisha watoto wengi wa Afrika Mashariki kabla ya chanjo kuletwa, Kenya mwaka 2014 na Uganda mwaka 2018, huvamia zile seli za enterokromafini na kuzifanya zimwage serotonini. Vagasi inapeleka habari ya hatari, na ubongo unaamuru: tapika. Ndiyo maana mtoto wa namna hiyo humpi kikombe. Unampa kijiko, unasubiri dakika, unampa kijiko. Akitapika, unapumzika dakika kumi, unaanza upya, polepole zaidi. Vijana wa kona wameshtuka. Hupiti mbele yao na gunia.

Hayo yote sikuyajua nikiwa sakafuni pale. Nilijua tu kwamba askari alimaliza kikombe, akashusha pumzi, akaegemea kiti, na uso wake ukalainika kama wa mtoto aliyeshiba.

Kulipoanza kupambazuka, yule mdogo aliniangalia muda mrefu. "Mkubwa, huyu hajalala hata dakika. Mwizi hulala."

Mkubwa alinitupia viatu. "Potea. Sukari inabaki."

Nilikimbia bila kufunga kamba. Maji mtoni yalikuwa yamepungua, yakanifika magotini. Nilipokata kona ya mwisho nikaona ua wa Kukhu umejaa wanawake. Majirani wote. Wamesimama na leso zimefungwa kiunoni, hawasemi, kama wanawake wanavyosimama asubuhi ambayo sote tunaijua.

Kukhu alitoka mlangoni. Mikononi alibeba shuka nyeupe, imekunjwa, imelowa.

Magoti yakaniishia nguvu.

SEHEMU YA NNE

ILIPOISHIA: Baada ya kuachiwa bila sukari, mjomba amekuta wanawake kimya uani, na Kukhu ametoka na shuka mkononi. ENDELEA.

"Amenikojolea!" Kukhu alipaza sauti, na sikuwahi kusikia mwanamke akifurahia mkojo namna ile. "Mtoto amenikojolea, mjukuu wangu! Mara mbili!"

Wale wanawake wakapasua kigelegele. Kumbe walinyamaza kusikiliza, kwa kuwa ndani Kadogo alikuwa analia, na safari hii kwa machozi.

Niliingia nikapiga magoti. Macho yake yalikuwa bado yameingia, lakini yalinifuata. Sista alikuwa pale pale nilipomwacha, kijiko mkononi, sufuria ubavuni. Ndani ya sufuria kulikuwa na kitu cheupe, chepesi, kinachoteleza.

"Sukari ilipatikana wapi?" nikauliza.

"Onja."

Nikaonja. Haikuwa tamu. Ilikuwa na chumvi kidogo, na ladha ya wali uliosahauliwa motoni.

"Mchele," alisema. "Kukhu alikuwa na mchele wa Butaleja. Nilitwanga gramu 50 hivi, nikachemsha kwa lita moja ya maji mpaka ukalainika kabisa, nikatia nusu kijiko cha chumvi. Mchele ni nini, mjomba? Ni sukari iliyofungwa mnyororo. Ulimi hauioni. Ikifika utumboni minyororo inakatwa, glukosi inatoka mmoja mmoja mbele ya geti, chumvi anamshika mkono, wanapita." Akanitazama juu ya miwani. "Si wewe ndiye fundi wa kuficha sukari ndani ya mizigo? Mchele ulikutangulia."

Sikuwa na la kusema. Mimi nilileta kilichokuwa kitamu kinywani na kisicho kitu tumboni. Yeye alileta kisicho kitamu kinywani, na tumbo likaijua sukari yake.

Kukhu, kwa furaha, alitaka kumpa mtoto ndizi mbivu yote kwa mara moja. Sista akamzuia, akampondea nusu, kisha kwa mara ya kwanza usiku ule akatabasamu. Alikumbuka walimu wake wa Mulago walivyokuwa wakisimulia kisa cha ndizi. Kulikuwa na ugonjwa wa moyo uliowasumbua watu wa Uganda, kovu linalokua ndani ya chumba cha moyo, uliochunguzwa hapo na Jack Davies tangu miaka ya arobaini. Ndizi ina serotonini nyingi ndani yake, na matoke huliwa kila siku. Basi ikashukiwa. Mwaka 1962 Michael Crawford wa Makerere akachapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Afrika Mashariki, akitafuta mabaki ya serotonini hiyo. Mabaki kweli yalikuwamo. Lakini mwili unaivunja serotonini ya chakula kabla haijafanya uharibifu, na ile dhana ikaja kuachwa. "Ndizi imeachiliwa bila dhamana," Sista alisema. "Ila leo nusu tu."

Saa mbili asubuhi boda ikafika. Sista alimwandikia dada yangu karatasi: hospitali, wampime, wampe pakiti za ORS na vidonge vya zinki, miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na asikatize hata akiona mtoto anacheza. Pikipiki ikaondoka kuelekea Tororo, Kadogo amefungwa kifuani mwa mama yake, kichwa kimoja kidogo kimechungulia.

Nilidhani yameisha.

Sista alinawa mikono, akajifuta, akaketi kwenye kigoda kile kile. Mbele yake, mezani, majirani walikuwa wamepanga makopo meupe. Sisimizi walikuwa bado wanayakwepa.

"Hesabu," aliniambia.

"Moja la Kukhu. Matatu ya majirani. Manne."

"Jamaa wa Sofia alikupa mangapi?"

Nikasikia kitu kikinishuka tumboni.

Kopo la tano nililiuza ndani ya taksi, tukielekea Tororo, kwa mama mmoja aliyeketi kando yangu na kapu la mboga. Alinieleza kwamba huwaangalia watoto wa akina mama wanaouza sokoni, watoto 11, kuanzia alfajiri hadi jioni, na kwamba sukari imemshinda. Kisha akasema jambo jingine, nami nikalisikia kwa sikio la mfanyabiashara: kwamba wiki ile watoto wawili walikuwa wanaharisha.

Nilimfundisha mwenyewe. Kwa mdomo wangu. Lita moja ya maji, chumvi nusu kijiko, na unga huu, mama, uonje tu ukiona umefika utamu wa vijiko sita.

Alinipa namba yake, kopo likiisha amletee jingine nani kama si mimi. Simu yangu ilikuwa imelowa mtoni, ikazimika usiku kucha. Niliikausha kwa leso ya Kukhu, nikaiwasha. Ilitetemeka mara nyingi mkononi. Simu saba zilizopotea, zote namba moja, ya Uganda, zote kati ya saa saba na saa kumi usiku.

Nikapiga. Ikaita mara moja tu.

Aliyepokea alikuwa mwanamume.

"Wewe ndiye uliyeuza kopo?" aliuliza.

ITAENDELEA Jumamosi ijayo. Na wewe msomaji, kabla hujamchanganyia mtoto maji ya chumvi na sukari, hakikisha kilichomo kijikoni ni sukari.